Pua ya ZL1 Kwenye Camaro ya Oshawa

Uso wa gari la michezo, yaani sehemu yote iliyo mbele ya kioo kikubwa pamoja na bampa, shoo (yaani wavu wa mbele), taa, madigadi na boneti, huchukuliwa na watu wengi kuwa pambo, ilhali kwa mhandisi sehemu hiyo ndiyo mlango wa hewa yote inayohitajika na injini, rejeta na breki za mbele, na ndiyo pia inayoamua kama gari likikimbia litashika barabara au litaanza kuwa jepesi mikononi mwa dereva. Kwa hiyo kazi ya kubadili uso wa toleo la kawaida ili ufanane na wa toleo lenye nguvu zaidi haieleweki kwa kulinganisha picha mbili tu. Hueleweka pale kila tundu la uso mpya linapoulizwa linapeleka hewa wapi, na hewa hiyo inatokea wapi. Mfano unaofaa kwa mafundi na wenye magari wa Toronto, Kanada, ni Chevrolet Camaro ya kizazi cha tano, ambayo wengi wenye toleo lake la SS hutamani kuivalisha uso wa toleo lenye nguvu zaidi, ZL1.

Gari hilo, ingawa jina lake linanukia Marekani, ni la nyumbani kabisa kwa watu wa Ontario. Kuanzia Machi 2009 hadi Novemba 2015 liliundwa katika kiwanda cha General Motors cha Oshawa, mji ulio kiasi cha kilomita 60 mashariki ya Toronto kwa barabara kuu ya 401, na kabla ya hapo Camaro za kizazi cha nne, za mwaka 1993 hadi 2002, zilitoka Sainte-Thérèse katika jimbo la Quebec. Namba ya utambulisho ya gari, ile yenye tarakimu na herufi 17 inayosomeka kupitia kioo cha mbele upande wa dereva, huanza na 2 kwa magari yaliyoundwa Kanada na 1 kwa mengi yaliyoundwa Marekani, kwa hiyo Camaro ya Oshawa hutambulika hata kabla boneti haijafunguliwa. Kiwanda hicho kimoja kilitoa toleo la silinda 6 ambalo mwaka 2010 lilikuwa na nguvu za farasi 304, SS ya gia za mkono yenye injini ya V8 ya lita 6.2 na nguvu za farasi 426, na kuanzia toleo la 2012, ZL1 yenye nguvu za farasi 580. Magari haya yalizaliwa chini ya paa moja na bodi yake ni moja kwa sehemu kubwa, na ndiyo maana wazo la kuhamisha uso kutoka moja hadi jingine huja kwa wepesi.

Tofauti ya farasi zaidi ya 150 kati ya SS na ZL1 inatokana na superchaja, pampu inayozungushwa na mkanda wa injini ambayo huisukuma hewa ndani ya silinda kwa nguvu badala ya kuiacha ivutwe yenyewe. Hewa ikibanwa hupata joto, na hewa ya moto ni nyepesi, kwa hiyo lazima ipozwe kabla ya kuingia kwenye silinda. Kifaa cha kuipoza ni intakula, ambayo kwenye ZL1 hutumia maji yanayozunguka hadi kwenye rejeta ndogo ya pekee iliyo mbele ya gari. Gari hili lina vipoza vya ziada vya oili, na breki zake za mbele, zenye diski za kipenyo cha takriban milimita 370 na pistoni sita kila upande, huhitaji nazo mfereji wa hewa kutoka kwenye bampa, kwa sababu dereva anayeshuka kutoka kasi kubwa mara kwa mara katika uwanja wa mbio, kama ule wa Bowmanville mashariki ya Oshawa, huzipasha moto kupita kiasi. Midomo mipana ya bampa la ZL1 imetokana na mahitaji hayo.

Boneti yake inastahili kuangaliwa kwa makini zaidi. Hewa ikishapita katika rejeta huwa imekwama katika chumba cha injini, na isipopata pa kutokea, kanieneo ndani ya chumba hicho hupanda, boneti husukumwa juu kutoka ndani, na pua ya gari hupunguza uzito wake juu ya magurudumu ya mbele. Juu ya boneti mambo ni kinyume, kwani mahali hewa inapopinda kupanda mgongo wa boneti, upande wa mbele wa katikati, kanieneo huwa dogo, ilhali chini ya kioo hewa hujibana na kanieneo hupanda. Wahandisi wa ZL1 waliweka matundu katika eneo lile la kanieneo dogo, katikati ya boneti, kwenye kipande cha nyuzi za kaboni, ili hewa ya moto ifyonzwe nje. Chini ya bampa waliweka bamba linalochomoza mbele, ambalo hapa litaitwa ulimi, ili kuzuia hewa nyingi isiingie chini ya gari. Sehemu hizo hufanya kazi kwa pamoja, na ndipo penye hatari kwa mwenye SS, kwa sababu akinunua bampa na kuacha boneti ya zamani ameongeza hewa inayoingia bila kuongeza njia ya kutoka, na pua ya gari lake huenda ikawa nyepesi kuliko ilivyokuwa.

Kiwanda chenyewe hakina usafi kamili katika suala la kila tundu kuwa na kazi. SS za 2010 hadi 2013 zina tundu jembamba juu ya shoo ambalo kwa macho linaonekana kulisha injini, lakini limezibwa kwa ndani. Hilo halimpi fundi ruhusa ya kufanya vivyo hivyo kila mahali. Kilicho sahihi, kwa maoni ya mwandishi, ni kwamba kila tundu la uso mpya lipewe kazi, kama vile mfereji wa kweli wa breki, au lizibwe wazi kwa bamba safi lisilojifanya, kwa kuwa tundu lililoachwa wazi bila mfereji hupeleka kokoto na maji ya chumvi moja kwa moja kwenye mapezi ya rejeta.

Kwenye karakana, kazi ya Camaro ni nyepesi kuliko ya magari mengine ya aina yake, kwa sababu SS na ZL1 zinatumia madigadi yale yale, tofauti na Ford Mustang Shelby GT350 ambayo bodi yake yote kuanzia kwenye kioo kwenda mbele ni ya kwake, hata boneti imeshuka na madigadi yamepanuliwa. Fundi hufungua kizibao cha plastiki ndani ya tundu la gurudumu, hutoa skrubu zinazoshika bampa na madigadi, huchomoa soketi za taa, kisha hulivuta bampa kwa uangalifu hadi klipu ziachie. Kinachobaki mbele yake ni boriti ya chuma au alumini yenye sponji ngumu iliyolala juu yake, na kando yake vihisio vya mfuko wa hewa, na hapo ndipo mafundi wasio makini huharibu, kwani sponji ikikatwa ili ulimi ukae vizuri, au kihisio kikisogezwa kidogo, gari hupoteza kinga ambayo mwenye nalo haioni hadi siku ya ajali. Boriti na vihisio haviguswi. Ni bampa linalopaswa kuvifuata.

Hali ya hewa ya Toronto huamua ni bampa la namna gani linafaa. Bampa la kiwandani ni la plastiki inayopinda, lakini mengi ya kuiga hutengenezwa kwa faiba, ambayo ni nyepesi na rahisi kutiwa puti ila hupasuka inapogonga kingo au bonge la barafu, na baridi ya Januari ikishuka chini ya nyuzi hasi 15 hata plastiki nzuri hukakamaa. Ulimi mrefu hukwangua rundo la theluji linaloachwa kando ya barabara na magari ya kusafisha, na chumvi inayomwagwa barabarani hula skrubu na mabano mapya yasiyopakwa kinga. Rangi nayo ina ugumu wake, kwani rangi yenye vumbi la chuma ikipulizwa kwenye plastiki na kwenye boneti ya alumini siku moja na kutoka kopo moja bado huakisi mwanga kwa namna tofauti, kwa hiyo mpulizaji mzoefu hukadiria kwa kipande cha majaribio kabla ya kugusa bampa, na huongeza dawa ya kulainisha ili rangi ipinde pamoja na plastiki.

Badala ya kubadili bampa na boneti kimoja kimoja, Afrika Mashariki kuna njia nyingine ya kubadili uso wa gari, ya nozikati, ambapo mbele yote ya gari lililovunjwa Japani, kuanzia taa hadi rejeta, huuzwa kama kipande kimoja katika maduka kama ya Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi. Ubora wake ni kwamba taa, mabano na vipoza hufika vikiwa vimezoeana.

Sheria ya Kanada inagusa kazi hii katika vipengele vichache tu. Magari yaliyoundwa baada ya 1 Desemba 1989 lazima yawe na taa za mchana zinazowaka zenyewe, kwa hiyo nyaya za bampa jipya zisizime taa hizo, na Ontario hutaka bamba la namba mbele pia, jambo linalosahauliwa na wanaonunua shoo yenye wavu mzuri bila kufikiria mahali pa kuliweka. Gari likiuzwa kwa mtu mwingine ili litumike barabarani huhitaji cheti cha usalama, na mkaguzi huangalia taa, kufuli la boneti na kingo za bodi zenye ncha kali. Kampuni ya bima nayo inapaswa kuarifiwa, kwa kuwa mkataba wa bima wa Ontario unamdai mwenye gari aeleze mabadiliko ya maana upesi.

Linabaki suala la jina. Mwaka 1969 Chevrolet ilitengeneza Camaro 69 tu za ZL1 zenye injini ya alumini ya inchi za ujazo 427, na uchache huo ndio uliolipa jina uzito wake na kuwavuta wengi kuunda nakala. Mwenye SS anayelivalisha gari lake uso wa ZL1 kwa uwazi hajamdanganya mtu, lakini anayebandika nembo ya ZL1 na kuliuza gari kwa bei ya ZL1 amevuka mpaka, na namba ya utambulisho humfichua, kwani tarakimu au herufi yake ya 8 hutaja injini iliyowekwa na kiwanda.