TONE LA CHOONI LISIDHARAULIWE

Waingereza nao ni watu wa kisiwani, na mvua wanayo. Hata hivyo, choo cha nyumbani kimekuwa mwizi wa maji yao.

Kwa miaka mingi sheria yao ilitaka tangi la choo liwe na sifoni, ambamo maji hayatoki mpaka mtu ayavute. Tangu Januari 1, 2001, vali za mpira pia zimeruhusiwa, na choo kipya kikawekewa kikomo cha lita 6 kwa kila mvuto. Nia ya kikomo hicho ni kuokoa maji. Lakini mpira ukichakaa au ukishika chokaa, maji huchuruzika kimya kimya, usiku na mchana.

Kuutambua ugonjwa huo si kazi. Tia rangi ya chakula tangini, usivute maji. Baada ya nusu saa, rangi ikionekana bakulini, funga koki, kisha safisha mpira au uubadili.

Sisi twaamini kwamba kanuni bila matunzo ni kazi nusu. Serikali inayoruhusu chombo na ihimize pia matengenezo yake. Naye mwenye nyumba asingoje kushtuliwa na ankara. Haba na haba hujaza kibaba. Haba na haba pia hukimaliza.