Ukongwe wa Birikani

Katika nyumba za pwani yetu doa la chai ni adui wa kale, na yeyote aliyepata kumwagikiwa na chai ya rangi juu ya kanzu nyeupe asubuhi ya Idi, na saa ya sala imewadia, anajua kwamba hapo hapana udhuru usikilizwao: kanzu huvuliwa, hukamuliwa ndimu, hutiwa chumvi, husuguliwa na kuanikwa juani, na mwenyewe akaenda msikitini kwa kanzu ya mwaka jana. Kwa hiyo msomaji ataniwia radhi nikikiri kwamba nilistaajabu, wala si kidogo, nilipopata habari kuwa huko Marekani wako wanawake mahodari wa sindano ambao huchemsha sufuria nzima ya chai isiyo maziwa wala sukari, wakatosa humo vitambaa vipya vilivyotoka dukani jana, kwa makusudi ya kuvitia lile doa tuliogopalo sisi. Na likishakolea nguo nzima hawaliiti doa tena, huliita umri.

Wanawake hao ni washonaji wa mifarishi. Mfarishi, kwa asiyepata kuuona, ni nguo nzito ya kujifunika wakati wa baridi, ambayo uso wake umeungwa kwa vipande vya vitambaa vilivyokatwa miraba, pembetatu na nyota, chini yake pana tabaka la pamba, na chini ya pamba pana bitana, kisha yote matatu yakashikizwa pamoja kwa mishono midogo midogo ipitayo toka juu hata chini. Zamani ilikuwa kazi ya lazima na ya kubana matumizi. Lakini tangu Marekani ilipoadhimisha miaka 200 ya uhuru wake mwaka 1976, kazi hiyo iliamka upya kama burudani na fahari, na miongoni mwa wanaoipenda wako watakao mfarishi uliomalizika juzi uonekane kama umetoka katika sanduku la bibi wa bibi yao.

Kitambaa kifaacho kwa shughuli hiyo ni cha pamba tupu isiyong'arishwa kwa dawa, nacho kwetu si kigeni hata kidogo, kwani ndicho kile tukiitacho marekani. Jina halikuja bure. Wafanyabiashara wa Salem, katika jimbo la Massachusetts, walikileta Unguja kwa merikebu zao, na baada ya Sayyid Said kufunga mkataba wa biashara na serikali yao mwaka 1833 kikaenea mpaka bara, kikawa sarafu kama kilivyokuwa nguo, hata vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, vya mwaka 1861 hadi 1865, vilipoukata ule mkondo na nguo za Bombay zikashika nafasi. Leo chai ya Kericho hupigwa mnada Mombasa na kupakiwa melini, na huenda majani ya milima yetu yakaishia katika sufuria ya mtu wa Massachusetts anayezeesha kitambaa ambacho babu zake walituuzia kipya.

Sikutaka kusimulia nisichokijaribu. Nilinunua mita moja ya marekani, nikaenda kwa shangazi yangu, ambaye jiko lake ni kubwa kuliko langu, nikaifua kwanza kwa maji ya moto, kwa kuwa nguo mpya huwa na wanga wa kiwandani, na usipoutoa rangi hushika hapa ikaacha pale. Nikachemsha maji lita 2, nikatia majani ya chai vijiko 8 vya mezani, nikayaacha robo saa, nikayachuja vizuri, maana jani moja lililosahauliwa huacha alama yake peke yake, kisha nikaitosa nguo ingali imelowa. Hapo ndipo nilipoteleza. Sufuria ilikuwa ndogo, nguo ikajikunja, nami badala ya kuikoroga nikaketi barazani na gazeti. Nusu saa baadaye niliitoa ina mabaka: penye mikunjo rangi ya asali iliyoungua, katikati hudhurungi, pembeni rangi ya mchanga wa ufuoni, na ilipokauka ikapauka karibu nusu, kwani nguo iliyolowa hudanganya. Wajuzi husema mabaka ndiyo uzuri wenyewe, kwa sababu hufanana na kazi ya miaka. Nashuku kwamba aliyelisema hilo kwanza naye alikuwa na sufuria ndogo.

Kinachofanya kazi humo ni tanini, pamoja na zile rangi nyekundu na kahawia zizaliwazo majani ya chai yanapochachushwa kiwandani. Tanini ndiyo hiyo hiyo iliyomo katika magome ya mikoko, ambayo kwayo watu wa pwani walidabaghi ngozi kabla ya kuja dawa za viwanda. Lakini pamba haiipokei rangi hiyo kwa ukunjufu kama sufu na hariri, ndiyo maana watia rangi wa kale walitumia shabu kuishikiza. Ama siki na chumvi, wanazozitegemea wengi, msaada wake ni mdogo. Ukitumbukiza msumari wenye kutu, rangi hugeuka kijivu kizito mbele ya macho yako, maana tanini ikikutana na chuma ndio wino wa makatibu wa zamani.

Na shari imo humo humo. Katika mifarishi ya karne ya 19 vipande vya kahawia na vyeusi, vilivyotiwa rangi kwa tanini na chuma, aghalabu vimemong'onyoka vikawa unga, hata pamba ya ndani ikachungulia, hali majirani zao wa nili wangali wazima. Chai nayo ina asidi isiyotoka yote kwa kusuuza, na kwa hiyo watunzaji wa nguo katika majumba ya makumbusho hawaitaki hata kwa kutia kiraka kipya katika mfarishi mkongwe, bali husihi zitumike rangi za viwandani ambazo tabia yake inajulikana.

Hata hivyo, mimi nina neno jingine. Wale mabibi wa karne ya 19 walitaka cheupe kiwe cheupe. Walianika nguo majanini zipigwe na jua, walizisuuza kwa buluu, na vitambaa vyao vya rangi viliwaka. Ile hudhurungi tuionayo leo ni kazi ya jua, jasho na vumbi, nayo ilikuja bila ridhaa yao. Hivyo anayechemsha chai haigi kazi yao hata kidogo, anaiga hasara yao. Harriet Powers, aliyezaliwa mtumwa huko Georgia mwaka 1837, alishona mfarishi wa visa vya Biblia ambao sasa umo katika makumbusho ya Smithsonian. Mwalimu mmoja wa sanaa aliutamani mwaka 1886 akakataliwa. Mwaka 1891 shida zilimpeleka Bi Harriet mwenyewe kwa mwalimu yule, akataka dola 10, akapewa 5, na baadaye akawa akirudi kuutazama. Sijui ni vijiko vingapi vya majani vinavyotia umri wa namna hiyo.

Wako pia waghushi, wauzao kazi ya jana kwa bei ya kale, lakini hao hawanitishi sana: taa ya miale ya urujuanimno mara nyingi hufichua nguo ya siku hizi, kwa zile dawa za kung'arisha zinazowaka chini yake.

Kile kipande changu nilikiacha kwenye kamba uani kwa shangazi, nikarudi siku ya nne kukichukua. Nilimwamkia, akaniitikia marahaba, akaingia ndani na kurudi nacho kimepigwa pasi na kukunjwa mara nne, cheupe kuliko nilivyokinunua. "Mwanangu, nimekihangaikia kwa ndimu na jua siku tatu," akasema, akanionyesha pembe moja kwa haya. "Hapa tu ndipo paliponishinda."