Pedi, Kiatu na Kiowevu: Istilahi za Breki katika Mteremko wa Mbinga

1. Utangulizi

Msafiri atokaye mjini Mbinga kwenda Mbamba Bay huiacha nchi ya juu, nchi ya kahawa na ya mashamba ya ngolo, akateremka hadi ufuko wa Ziwa Nyasa ulio karibu mita 475 tu juu ya usawa wa bahari. Tangu mwaka 2012 ufuko huo una wilaya yake, Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Wilaya ya Mbinga. Hata hivyo, mwenye gari wa Liuli au Lituhi anapohitaji kipuri, aghalabu humwagiza mtu amletee kutoka Mbinga au Songea. Kipuri husafiri kwa gari, lakini kabla yake husafiri neno. Neno likikosewa, kipuri nacho hukosewa.

Makala haya yanakusudia kuyachunguza maneno machache yatumiwayo katika kuchagua na kubadilisha breki za gari dogo lililokwisha kutumika miaka mingi. Shabaha yetu si kuwafundisha mafundi kazi yao. Tunataka kuonyesha kwamba baadhi ya maneno hayo yanatosha na yafaa kusanifiwa kama yalivyo, na kwamba mengine yanapotosha kiasi cha kuweza kuhatarisha maisha.

2. Kazi ya breki

Ni desturi kusema kwamba breki husimamisha gari. Kwa usahihi zaidi, breki hugeuza mwendo kuwa joto. Tuchukue gari lenye uzito wa kilo 1,500 linaloteremka kimo cha mita 800. Kama breki zingeachiwa kazi yote, pasipo msaada wa injini wala wa upepo, joto ambalo zingelitoa lingetosha kuchemsha lita zipatazo 35 za maji baridi. Joto hilo lote hupita katika vipande vichache vya vifaa ambavyo fundi huweza kuvishika kwa viganja viwili.

Msomaji akikumbuka jambo hili, ataona kwa nini istilahi za breki hazifai kuundwa kwa kutazama umbo la kifaa peke yake. Ni lazima pia kutazama kinachokipata kifaa hicho kikiwa cha moto.

3. Pedi na kiatu

Kuna namna mbili za breki katika magari madogo. Katika namna ya kwanza, sahani ya chuma iitwayo diski huzunguka pamoja na gurudumu, na vipande viwili huibana kutoka pande zote mbili. Vipande hivyo ni pedi. Katika namna ya pili, chombo cha duara kama sufuria, kiitwacho dramu, huzunguka pamoja na gurudumu, na ndani yake vipande viwili vilivyopinda kama mwezi mwandamo hutanuka vikaisugua kuta yake. Mafundi wengi huviita vipande hivyo breki shuu. Sisi twapendekeza kiatu cha breki, kwa kuwa ndiyo maana ya neno hilo lililokopwa, na kwa kuwa msemaji wa Kiswahili hulielewa bila kufafanuliwa.

Land Rover za miaka ya 1960 na 1970, ambazo wazee wa Mbinga wanazikumbuka vyema, zilikuwa na dramu katika magurudumu yote manne. Magari mengi madogo yaliyofuata yana diski mbele na dramu nyuma. Hapo ndipo mkanganyiko uzaliwapo. Mwenye gari wa Mbamba Bay akiandika katika karatasi "breki pedi za nyuma, seti moja", muuzaji wa Songea atampa pedi kama alivyoagizwa. Sanduku litafika ziwani, na fundi atakapofungua gurudumu atakuta dramu. Nauli imepotea, siku mbili zimepotea, na kishawishi cha kuendelea na viatu vilivyochakaa kimeongezeka.

Kuna neno la tatu ambalo halina budi kutofautishwa na hayo mawili. Pedi ina sehemu mbili: bamba la chuma nyuma yake, na mbele yake tabaka gumu linalosugua diski. Kiatu nacho kina tabaka kama hilo. Linalochakaa ni tabaka, si bamba. Twapendekeza liitwe tabaka la msuguano. Tabaka likiisha, bamba husugua diski chuma kwa chuma, na gharama ya pedi hugeuka kuwa gharama ya pedi na diski pamoja.

4. Kuchagua

Mnunuzi wa pedi za gari la zamani asiridhike na jina la gari peke yake. Aina moja ya gari huweza kuwa imetengenezwa kwa miaka mingi na kupewa vibanio vya maumbo tofauti. Njia ya kuaminika ni kuchukua namba ya chesisi pamoja na pedi kuukuu yenyewe, kisha kuilinganisha na mpya: umbo la bamba, mahali pa masikio yake, na unene.

Pedi nyingi pia zimepigwa chapa ya herufi mbili zinazoeleza mshiko, yaani uwiano baina ya nguvu ya msuguano na nguvu ya kubana. Herufi ya kwanza ni ya hali ya joto la kawaida, na ya pili ni ya joto kali. E ni baina ya 0.25 na 0.35, F ni baina ya 0.35 na 0.45, G ni baina ya 0.45 na 0.55. Kwa hiyo pedi ya FE hupungukiwa na mshiko ipatapo moto, ilhali ya FF hubaki katika daraja lile lile. Herufi hizi hazisemi yote juu ya ubora wa pedi, lakini kwa mtu ashukaye milima ya Umatengo kila juma, herufi ya pili ina uzito kuliko ya kwanza.

Tahadhari moja yawahusu mafundi wenyewe. Tabaka la msuguano la magari ya zamani mara nyingi lilitiwa asbesto, madini ambayo vumbi lake huleta maradhi ya mapafu na saratani. Uingereza iliyapiga marufuku kabisa mwaka 1999. Kwa kuwa haiwezekani kutambua kwa macho kama kiatu kuukuu kina asbesto, vumbi la dramu lisipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu. Lifutwe kwa kitambaa kilicholowa.

5. Kubadilisha

Kazi yenyewe ni fupi. Gari husimamishwa mahali tambarare, magurudumu yasiyofunguliwa huwekewa jiwe au gogo, nati hulegezwa, kisha gari huinuliwa kwa jeki na kuegemezwa juu ya stendi imara. Jeki peke yake haitoshi. Gurudumu likitoka, hufunguliwa kibanio, yaani kile chombo kilichozishika pedi, ambacho gerejini huitwa kalipa. Kibanio hufungwa kwa waya mahali pa juu kisije kikaning'inia kwa mpira wake. Pistoni hurudishwa ndani polepole kwa jiliwa dogo, huku fundi akitazama kiowevu kisifurike katika chupa yake. Pedi mpya hutiwa, na kibanio hufungwa.

Mambo matatu husahauliwa. La kwanza, pedi hubadilishwa kwa jozi, kulia na kushoto, ama sivyo gari huvuta upande mmoja. La pili, kabla gari halijaondoka pedali hukanyagwa mara kadhaa hadi iwe ngumu. Asiyefanya hivyo hukuta pedali ikizama sakafuni katika mkanyago wa kwanza. La tatu, pedi mpya huhitaji kuzoeshwa: dereva hupunguza mwendo kwa upole mara kumi hivi mahali pa tambarare, akiziacha zipoe kati ya mara moja na nyingine. Neno kuzoesha lafaa kusanifiwa kwa maana hii. Tena lamkumbusha dereva kwamba siku ya pedi mpya si siku ya kushuka ziwani na shehena ya magunia.

6. Mafuta yasiyo mafuta

Sasa tunafikia neno ambalo kwa maoni yetu ndilo lenye hatari kubwa kuliko yote, nalo ni "mafuta ya breki". Kilichomo katika mabomba ya breki za magari mengi si mafuta hata kidogo. Ni kiowevu cha jamii ya glaikoli. Mtu aliyeambiwa kwamba breki "zimepungukiwa na mafuta", naye yuko mbali na duka, huweza kuongeza mafuta ya injini kwa nia njema kabisa. Mafuta hayo huifurisha mipira ya ndani, mipira hushindwa kuzuia shinikizo, na breki huharibika katika magurudumu yote. Kosa halikuwa la mkono wake tu. Neno nalo lilimwelekeza huko. Twapendekeza kiowevu cha breki, na neno "mafuta" liachwe kwa magari machache ambayo kitabu chake chaagiza mafuta hasa.

Kiowevu hiki hunyonya unyevu wa hewani. Kile cha daraja la DOT 3 hakipaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi kikiwa kipya, lakini kikiisha kunyonya maji kipimo hicho hushuka hadi 140. DOT 4 ni 230 na 155. Ndiyo maana kiowevu hubadilishwa kila baada ya miaka miwili hivi.

7. "Kukatika breki"

Husemwa mara kwa mara kwamba gari "lilikatika breki". Msemo huu hukusanya mambo matatu yasiyofanana. Huenda bomba lilivuja. Huenda kiowevu kilichemka, na mvuke ukabonyea mahali pa kiowevu kisichobonyea. Huenda pedi zilipungukiwa na mshiko kwa joto ingawa pedali ilibaki ngumu. Katika mambo mawili ya mwisho hakuna kilichokatika, na breki zikipoa huonekana nzima. Dereva asiye na jina la jambo hilo husema breki "zimepona", akaendelea na safari bila kutafuta sababu. Twapendekeza kutenganisha uvujaji, uchemkaji na ufifiaji wa breki. Dawa ya hayo mawili ya mwisho huanzia juu ya mlima: kuingiza gia ndogo kabla ya mteremko, ili injini ibebe sehemu ya kazi.

8. Hitimisho

Neno ngolo liliingia katika vitabu vya wataalamu wa kilimo kwa sababu Wamatengo walikuwa na kazi, na kazi ilikuwa na jina. Istilahi za gereji nazo ziheshimiwe vivyo hivyo: pale mafundi walipo na neno lisilopotosha, tulichukue, pale neno linapopotosha, tuwape jingine. Tunaleta haya yajadiliwe:

Pedi: kipande bapa kibanacho diski.
Kiatu cha breki: kipande kilichopinda kisuguacho dramu kwa ndani.
Tabaka la msuguano: sehemu ya pedi au kiatu inayochakaa.
Kibanio: chombo kishikacho pedi na kuzisukuma.
Kiowevu cha breki: kisichoitwa tena mafuta.
Kutoa hewa: kuondoa mapovu katika mabomba, tusiseme "kutoa upepo", maana malori yana breki za upepo, ambamo hewa ndiyo nguvu yenyewe.
Kuzoesha: kuzitumia pedi mpya kwa upole hadi zishike.
Ufifiaji: kupungua kwa mshiko kwa sababu ya joto.

Wasomaji wenye majina bora zaidi, hasa mafundi wa Mbinga na wa ufukoni, wanaombwa wayalete.