Rekoda Kwanza, Kamera Baadaye

Cheki Luthuli Avenue Jumamosi mchana, pale tao ya Nairobi. Kitambo watu walikuwa wanakuja huko kusaka redio na spika za kuweka kwa sitting room. Siku hizi mayut wanaingia duka wakiuliza, "Boss, uko na Zoom?" Wanamaanisha ile kampuni ya Japani inaunda rekoda za mkononi. H1n, ile ilitoka 2018, inatoshea mfuko wa jinzi na inatumia betri mbili zile nyembamba za rimoti. Wasee wa mboka kubwa wanataka H4n, juu iko na mashimo mawili ya kuchomeka maiki za XLR. Tascam pia iko na mbogi yake.

Wasee wa podikasti ndio wanaskikika sana, lakini hawako solo. Wapiga video wa harusi wanataka viapo viskike fiti. Maprodyuza wanawinda sauti za mtaa: honi ya nganya, makanga akiita watu stage, kelele ya Gikomba asubuhi. Wanafunzi wa filamu nao wanachanga doh, rekoda moja inazunguka darasa nzima.

Na simu je? Manze, simu inajiamulia. Ukinyamaza, inapandisha sauti yenyewe, so upepo na mngurumo wa friji zinajaa kwa kazi yako. Rekoda unaseti levo mwenyewe, unavaa hedifoni, unajua kenye unashika. Seti ndio zile sauti za juu kabisa zicheze around -12 dB, ndio mtu akicheka ghafla isipasuke. Saa moja ya WAV ya biti 24 inakula kama GB 1, so memori kadi ya 32 itakubeba karibu saa 30. Mtu atavumilia picha ya giza. Sauti ikikwaruza, anatoka chap. Ndio maana nasema ukiwa na ganji ya kitu moja, shika rekoda, kamera itangoja.

Lakini kenye kinaniguza zaidi ni hii. Mwaka wa 1950 Hugh Tracey, msee wa kukusanya nyimbo za Afrika, alikuja upande wa Kericho na mashine za kubebwa na gari, akarekodi madem wa Kipsigis wakiimba wimbo wa Chemirocha. Hizo rekodi zikaenda kuwekwa ILAM, maktaba ya muziki wa Afrika huko Afrika Kusini. Miaka mingi, mtu wa Kericho akitaka kuskia sauti ya shosh yake, rekodi zilikuwa mbali na nyumbani. Tabu Osusa na Ketebul Music, kupitia mradi wa Singing Wells, wakaanza 2011 kuzunguka Kenya na Uganda na studio ya kubebeka, wakirekodi wazee hapo hapo kwao. Hiyo ni kazi ya heshima, na mbogi moja haiwezi kuimaliza.

So mkiwa watano kwa base, changeni mshike rekoda moja. Disemba mkienda ocha, ibebeni. Omba ruhusa kwanza, mwambie guka kazi itaenda wapi, kisha umwache aimbe bila kumkatiza. Andika jina lake, kijiji na tarehe, na uweke kopi mbili, moja ibaki na yeye. Wazee wako hai saa hii. Wafikieni.