Ufunguo Mmoja kwa Mifumo Yote: Tupime Kwanza kwa Watu wa Kubuni

Katika toleo hili tunaeleza njia inayomwezesha mfanyakazi kuingia mara moja tu kwenye kompyuta na kufungua mifumo yote anayoruhusiwa, badala ya kukariri maneno ya siri matano au sita. Wataalamu huiita njia hii SSO. Tunaeleza pia jinsi ya kuandaa mazingira ya majaribio, yaani mahali pa kujifunzia kabla mfumo haujakabidhiwa taarifa za watu halisi.

KWA NINI JAMBO HILI LINATUHUSU

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, makao makuu yake yakiwa Bariadi. Una wilaya tano: Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu, na sensa ya 2022 ilihesabu wakazi zaidi ya milioni 2. Shirika lenye ofisi mjini Bariadi na zahanati au miradi vijijini Meatu na Itilima huwa na wafanyakazi waliotawanyika. Wafanyakazi hao hutumia mifumo mbalimbali: wa hesabu, wa mafunzo, wa kutunza mafaili, wa takwimu za afya. Kila mfumo una neno lake la siri.

Matokeo yake tunayafahamu. Maneno ya siri huandikwa kwenye karatasi na kubandikwa ukutani, au watu wanne hutumia jina moja. Mfanyakazi akihama, jina lake hubaki hai kwenye mfumo ambao hakuna aliyekumbuka kuufunga, na humo zimo taarifa za wagonjwa, za watoto wanaofadhiliwa na za fedha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Si rahisi kuzilinda kama hatujui ni nani bado ana ufunguo.

JINSI NJIA HII INAVYOFANYA KAZI

Panawekwa seva moja ya utambulisho. Mfanyakazi akifungua mfumo wa mafunzo, mfumo huo haumwulizi neno la siri, bali unampeleka kwenye seva hiyo. Akishatambuliwa, hurudishwa na hati fupi ya kielektroniki yenye sahihi ya seva, inayosema yeye ni nani na hati inakwisha saa ngapi. Mfumo ukiitambua sahihi, humfungulia. Akifungua mfumo wa pili, seva bado inamkumbuka, hivyo humpa hati nyingine bila kumwuliza tena.

Wazo hili si geni. Chuo cha MIT cha Marekani kilitengeneza utaratibu wa Kerberos katika miaka ya 1980. Utaratibu wa SAML 2.0 uliidhinishwa mwaka 2005, na OpenID Connect ukafuata mwaka 2014. Hizi mbili za mwisho ndizo zinazotumika zaidi katika mifumo ya intaneti.

KUANDAA MAZINGIRA YA MAJARIBIO

Kabla ya msimu wa pamba, mizani za kununulia hukaguliwa na Wakala wa Vipimo kwa mawe ambayo uzito wake unajulikana. Hazisubiri pamba ya mkulima ndipo ijulikane kama zinapunja. Seva ya utambulisho nayo ipimwe vivyo hivyo.

Kompyuta moja yenye kumbukumbu ya GB 8 inatosha kuanzia. Programu ya Keycloak, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 2014, ni huria na hailipiwi. Ikishapakuliwa pamoja na mifumo ya kujaribia, kazi yote inaweza kufanyika kwenye mtandao wa ndani bila intaneti.

1. Wekeni Keycloak na kuiwasha katika hali ya majaribio.

2. Fungueni ndani yake eneo jipya, mliite "majaribio". Msitumie eneo linalokuja na programu, kwani hilo ni la msimamizi.

3. Sajilini watu wa kubuni: mhasibu, muuguzi, mratibu wa mradi. Msiweke jina la mgonjwa wala la mfanyakazi halisi. Hata watengenezaji wa DHIS2 hufundishia kwa takwimu za mfano walizozipa jina la Sierra Leone.

4. Unganisheni mifumo miwili, si mmoja. Mkiunganisha mmoja, hamtaweza kuona kama mtu anaingia kwa wa pili bila kuulizwa. Moodle kwa mafunzo na Nextcloud kwa mafaili zinafaa.

5. Mpeni kila mtu ruhusa zake. Muuguzi asione mafaili ya mhasibu, ingawa wote wanapita mlango mmoja.

Mifumo ya serikali, kama DHIS2 inayopokea takwimu za MTUHA, ina milango yake yenyewe. Shirika haliwezi kuiunganisha na seva yake lenyewe, kwa hiyo tusiwaahidi wafanyakazi kwamba neno la siri la huko litaondoka.

MAMBO MANNE YA KUPIMA

Wengi huona mtu ameingia, wakapiga makofi na kumaliza. Kuingia ndiyo sehemu rahisi. Yapimeni na haya:

Mfanyakazi kuondoka. Mwacheni muuguzi wa kubuni akiwa ndani ya mifumo yote miwili, kisha mfungieni jina lake kwenye seva. Je, dirisha lililokuwa wazi linaendelea kufanya kazi? Kwa mipangilio ya awali ya Keycloak, hati ya kuingilia huishi dakika 5, na seva humsahau mtu baada ya dakika 30 za kukaa kimya au saa 10 kwa jumla. Lakini mfumo wenyewe unaweza kuendelea kumkumbuka kwa muda wake. Hesabuni dakika na kuziandika.

Saa ya kompyuta. Hati hubeba muda. Kompyuta ambayo betri yake ya ndani imekufa hurudi kwenye tarehe ya zamani kila umeme unapokatika, na hati halali hukataliwa. Rudisheni saa nyuma kwa makusudi ili wafanyakazi waujue ujumbe wa kosa hilo.

Seva kuzimika. Chomoeni waya. Waliokwisha kuingia huenda wakaendelea kwa muda, ila anayefika sasa atabaki nje ya mifumo yote. Amueni mapema nani atapigiwa simu, na kazi gani itaendelea kwenye vitabu vya karatasi.

Ufunguo kuibwa. Akijulikana neno lake la siri, mtu mmoja anakuwa amefungua kila mlango alioruhusiwa. Kwa hiyo jaribuni pia namba ya pili inayobadilika kila baada ya sekunde 30 kwenye simu ya mfanyakazi. Programu za namba hizo hazihitaji intaneti, ila saa ya simu iwe sahihi.

BAADA YA MAJARIBIO

Mazingira ya majaribio yasigeuzwe kuwa ya kazi. Hali ya majaribio ya Keycloak haidai mawasiliano yaliyofungwa kwa siri, na hutunza taarifa kwenye hifadhidata ndogo isiyofaa kwa kazi halisi. Mfumo wa kazi ujengwe upya, uwe na cheti cha usalama, hifadhidata imara na nakala za akiba.

Tunashauri chumba cha majaribio kisiwe cha fundi wa kompyuta peke yake. Awepo mhasibu, mganga mfawidhi au mwakilishi wake, na afisa utumishi. Huyu wa mwisho ndiye anayejua kwanza nani anahama, hivyo ndiye aonyeshwe jinsi ya kufunga jina. Majibu ya vipimo vinne yaandikwe kwenye karatasi moja na kuwasilishwa kwa uongozi kabla jina la mtu halisi halijasajiliwa.