Rubani wa Ghorofani na Miguu Yake

Waulize watu kumi urubani ni nini, na tisa watakujibu kuwa ni kupaa na kutua. Mwendo wa ardhini hawautaji. Wala siwalaumu, maana hata wengi wanaojifunza urubani nyumbani kwa kompyuta hulo ndilo somo waliachalo. Programu huwaweka tayari kichwani mwa njia ya kurukia, injini inanguruma, nao huongeza moto wakaenda zao. Ndege imefikaje pale? Hawana habari.

Kijana mmoja wa Nyayo Highrise, hapa Nairobi, ameamua kuwa na habari. Majengo hayo ya ghorofa ni jirani wa Kibera, na uwanja wa Wilson hauko mbali. Uwanja huo una jina la Florence Kerr Wilson, bibi aliyeanzisha shirika lake la ndege mwaka 1929. Kijana ana kompyuta kuukuu na programu ya FlightGear, itolewayo bure. Saa nzima niliyokaa naye, ndege yake haikupaa hata mara moja. Ilitoka maegeshoni, ikaenda hadi mwisho wa njia, ikageuka, ikarudi.

“Mzee,” aliniambia, “kuruka nitafundishwa. Hii ya chini ndiyo itakayonila pesa.”

Hesabu yake ni sahihi. Shule nyingi za urubani huhesabu muda tangu injini inapowaka. Mwanafunzi akiyumbayumba ardhini dakika ishirini, amekwisha kuzilipia, na mabawa hayajaonja upepo. Kwa mtoto wa mwenye nacho hilo si neno. Kwa anayeweka akiba miezi na miezi apate saa moja, ni msiba.

Sasa ugumu uko wapi? Uko mikononi. Lile gurudumu la mkononi, ambalo kila apandaye matatu angeapa kuwa ndilo usukani, halikunji kona ardhini. Kazi yake ni kuilaza ndege ubavu ikiwa angani. Chini, ndege huendeshwa kwa miguu. Katika Cessna 172 pedeli mbili huvuta usukani wa mkiani pamoja na gurudumu la pua, nalo hupinda kama digrii 10 tu. Ukitaka kona kali zaidi, wakanyaga ncha ya juu ya pedeli moja, breki ya upande huo ikakamata, na gurudumu likafika hata digrii 30.

Sisi wa pwani jambo hili halitupi tabu. Jahazi lililosimama haligeuzwi kwa usukani, sharti maji yapite. Na usukani wa mkiani mwa ndege ni vivyo hivyo: pasipo upepo wa kutosha kuupitia, ni ubao tu. Ndege kubwa za abiria hata zina kana yake, kigurudumu kidogo kando ya nahodha, cha kukunjia kona za uwanjani.

Kijana hakuwa na fedha za kununua pedeli, basi amejiundia. Mbao alizipata kwa mafundi wa samani wa Ngong Road, na ndani yake ametia kile kifundo cha redio tukizungushacho kuongeza sauti. Mguu ukisogea, kifundo huzunguka, na kompyuta hutambua. Nimeona mashairi mengi yasiyo na ufundi huo.

Kisha akaleta upepo wa ubavuni. Mkia wa ndege ni bapa lililosimama wima. Upepo hulisukuma, na pua hutaka kuelekea utokako upepo. Isitoshe, Wilson iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, ndege hukimbia masafa marefu kabla ya kunyanyuka, na muda wote huo miguu haipumziki.

Wala mtu asidhani ardhini ni salama kwa kuwa ni chini. Tarehe 27 Machi 1977, kisiwani Tenerife, ndege mbili kubwa ziligongana katika ukungu, moja ikianza mbio za kupaa na nyingine ingali ikitambaa juu ya njia ile ile. Walikufa watu 583.

Kompyuta ina upungufu wake. Kiti hakitikisiki, na mwili haupati kujua kwamba ndege imeanza kwenda upande. Macho peke yake ndiyo hujua, nayo huchelewa. Zaidi ya hayo rubani huketi kushoto. Akiilenga pua, iliyo kuliani kwake, ndege huenda mshazari na kuiacha mistari ya manjano. Kwa hiyo kijana amebandika uzi mweusi kwenye kioo cha kompyuta, sawasawa na uso wake, na huo ndio umwoneshao mbele iko wapi.