Gari Likilia Penye Kona
Niliyofunzwa Mpanda juu ya magari ya miguu minne

Wanachama wenzangu, wengi wetu siku hizi tunayo magari yenye kuvuta kwa miguu minne, ama twayakodi wakati wa mavuno kuchukua wachumaji na magunia. Kwa vilima vyetu vya Pemba na udongo wake mwekundu, mvua ikishika, gari la namna nyingine halipandi njia za mashamba. Walakini ni wachache miongoni mwetu wanaojua kulisikiliza gari. Likianza kulia twamwita fundi, naye hutwambia neno moja tu, “difu,” nasi twaenda kutafuta fedha. Mimi nami nilikuwa hivyo hivyo mpaka nilipokwenda Mpanda.

Nilifika huko baada ya Idi el-Fitri ya mwaka 2024, kumzuru mtoto wa dada yangu ambaye amehamia bara na mkewe. Mpanda ni makao makuu ya Mkoa wa Katavi, uliokatwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Mji wenyewe ulikua kwa ajili ya machimbo ya risasi, na kwa sababu hiyo reli ikatandikwa kutoka Kaliua baada ya Vita Kuu ya Pili. Leo watu huko wanalima tumbaku, mpunga na mahindi, na kurina asali ya miombo. Mpwa wangu analo Land Cruiser pikapu la zamani, anachukua asali kutoka upande wa Inyonga na mpunga kutoka upande wa Mpimbwe, na abiria juu yake.

Usiku wa kwanza tu akanambia, “Mjomba, gari limenishinda. Likikata kona lalia. Fundi mjini amesema difu ya mbele imekufa, yatakiwa nyingine kutoka Dar es Salaam.” Nikamwuliza bei. Aliponitajia nilinyamaza, maana ilikuwa karibu nusu ya niliyopata kwa karafuu zangu msimu uliopita, na nilijua kwa nini ananitajia mimi.

Nikamwambia asubuhi tulipande, nisikie kwa masikio yangu. Kutoka Mpanda hadi Sitalike, penye lango la Hifadhi ya Katavi, ni kama kilomita 35 kwenda kusini. Tulikwenda taratibu. Njia iliponyooka nilisikia mvumo mdogo kama wa nyuki walio mbali. Kila kona ya kushoto mvumo ulizidi. Kona ya kulia, ukafifia. Kisha tukaingia njia ya udongo mweusi kufuata gunia za mpunga, tukatia miguu minne, tukatoka tena barabarani. Hapo, kwenye kona ya kwanza ya lami, likaja jambo jingine kabisa: gari likakakamaa kama punda aliyegoma, usukani ukawa mzito, kisha kishindo chini, gongo! “Ndiyo hiyo difu,” akasema mpwa wangu. Nami sikuwa na la kumjibu.

Pale Sitalike, karibu na mto Katuma ambapo viboko hulala kama mawe, tulielekezwa kwa mzee mmoja Mkonongo, fundi wa tangu zama za Land Rover. Tulimwamkia, tukakaa, tukanywa chai. Mpwa wangu akaanza, “Mzee, difu yangu ya mbele…” Mzee akamkata. “Kijana, usinitajie ugonjwa. Niambie linaliaje, linalia wapi, na linaacha lini.”

Maneno hayo matatu ndiyo yaliyonifanya niandike makala hii.

Mpwa wangu akaeleza. Mzee akauliza, “Ulipotoka kwenye tope, uliondoa miguu minne?” Kijana akanitazama mimi, kisha akatazama chini. Hakuondoa.

Basi mzee akachukua kijiti, akachora duara mbili mchangani. Sikilizeni, maana jambo hili wengi hawalijui, hatta madereva wa miaka mingi. Gari likikata kona, magurudumu ya mbele huzunguka duara kubwa kuliko ya nyuma. Chukueni gari ambalo kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita 3. Kama kati ya ekseli ya nyuma yazunguka duara la mita 6 kutoka katikati, ya mbele itakuwa kwenye mita 6.7. Kwa mzunguko mmoja mzima, mbele imekwenda zaidi ya nyuma kwa mita 4 na kitu. Magari kama lile la mpwa wangu, na Land Rover za zamani pia, ukiyatia miguu minne huzifunga propela mbili pamoja, ya mbele na ya nyuma, zizunguke sawasawa. Hazina pa kuachiana. Kwenye tope au mchanga hakuna neno, gurudumu huteleza kidogo na deni likalipika. Kwenye lami kavu gurudumu halitelezi. Ekseli na propela hujisokota kama kamba, mpaka tairi iruke au kitu kikatike. Kile kishindo ndicho deni likilipwa kwa nguvu. Na mtu akitaka kuondoa gia ya miguu minne hapo, fimbo hukataa. Dawa yake ni kurudi nyuma mita chache kwa mnyoofu, itaachia.

Kwa hiyo fundi wa mjini alisikia sauti ya kweli, illa aliisikia gari likiwa limefungwa miguu minne kwenye ardhi ngumu. Difu haikufa. Lakini ukiendelea hivyo, utaiua.

Sasa ukabaki ule mvumo. Mzee akainama, akageuza habu mbili za mbele ziwe huru, akaweka gia ya miguu miwili, akamwambia kijana azunguke uwanjani polepole, kushoto kisha kulia. Hii ndiyo jaribu kubwa kuliko zote, na haigharimu senti. Habu zikiwa huru na gari likaendeshwa kwa miguu ya nyuma tu, ekseli za mbele ndani na difu ya mbele hazizunguki. Sauti ikitoweka, mtafute mkosa huko ndani: jointi za ekseli, difu yenyewe, au kule kujisokota. Sauti ikibaki, waacheni hao, hawana makosa. Mtafute kwenye gurudumu, usukani, au kitu kinachokwaruza.

Mvumo ulibaki.

Mzee akatwambia: gari likikata kushoto, uzito wake humwegemea wa kulia. Beringi ya kulia ikiwa mbovu italalamika zaidi hapo. Akatia jeki upande wa kulia, akazuia magurudumu mengine kwa mawe, akashika tairi kwa juu na chini, akatikisa. Ikacheza. Akamwambia kijana akanyage breki, akatikisa tena, haikucheza. Akatwambia kwamba ingecheza na breki imekanyagwa, angefikiri beringi za kingipini. Kisha akazungusha gurudumu kwa mkono mmoja, wa pili ameuweka juu ya springi, akaniita niweke wangu. Wallahi nilihisi kwenye kiganja mtetemo kama wa kusaga mchanga. Tukazungusha la kushoto: kimya, laini.

Alipofungua habu, grisi ilikuwa nyeupe kama tui. Maji. Beringi ya ndani ilikuwa na vishimo, na vyuma vyake vimebadilika rangi kwa moto. Akamwuliza mpwa wangu kama huvuka maji bila kusimama. Kijana akasema huvuka, maana masika mbuga za huko hujaa, na kuna vijito njiani. Mzee akaeleza, nami nawaelezeni nyinyi, kwa sababu twavuka maji pia, tena mara nyingine ya chumvi. Habu ikitoka safarini ni ya moto, na hewa ndani yake imetanuka. Ukiizamisha ghafla katika maji baridi, hewa hujikunja na kufyonza maji kupitia oilsili, khasa ikiwa imechakaa. Afadhali kusimama kidogo kabla ya kuingia, ipoe. Na baada ya msimu wa maji, fungua habu uitazame grisi, na oili ya difu pia. Ikiwa kama maziwa, imwage.

Beringi ile ingefika mwisho wake kwa mojawapo ya njia mbili: kukamata, au kuliacha gurudumu. Siku tatu mbele mpwa wangu alikuwa amekubali kuchukua watoto wa skuli waliokuwa wakirejea bwenini upande wa Inyonga, kumi na wawili, nyuma ya pikapu pamoja na masanduku yao. Alipoliona lile beringi mkononi mwa mzee alikaa chini, asiseme neno kwa muda. Njia ile sasa ni ya lami, na kwenye lami gari hukimbizwa.

Tuliagiza beringi za kulia seti nzima, na oilsili, kutoka Mpanda kwa pikipiki. Mzee hakuzifunga kwa nguvu zake zote kama nilivyodhani. Alikaza nati huku akizungusha gurudumu ili zikae, akailegeza, kisha akaikaza tena kidogo tu, mpaka mchezo uishe na gurudumu lizunguke bila uzito. Nati ya kufungia ikapigwa juu yake. Kesho yake, baada ya safari fupi, akazikagua upya kwa mkono kama ziko za moto.

Wakati tukingoja hiyo pikipiki nilimwuliza mzee juu ya milio mingine, naye hakuwa mchoyo.

Mlio wa ta-ta-ta-ta, mkali, unaofuata mwendo wa gurudumu usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho na moto umekanyagwa, huo aghlabu ni wa jointi ya ekseli, ile mafundi huiita sivi. Ndani yake mna magololi, na njia zake zikilika, huruka. Kwa Land Cruiser za ekseli nzima, hukaa ndani ya lile tufe la chuma nyuma ya gurudumu. Tufe likilowa oili kwa nje, au grisi ikiwa nyepesi kama supu, oilsili ya ndani imepita na oili ya difu inaosha grisi ya jointi. Ikishughulikiwa mapema ni kazi ya oilsili na grisi. Land Rover nyingi za zamani hutumia krosi badala ya magololi, na kwa krosi usukani hutetemeka kidogo kwenye kona ya miguu minne hatta zikiwa nzima, basi mtu asishtuke kwa hilo.

Gongo moja tu, kila usukani unapogeuzwa, hatta gari limesimama: mtu mmoja ageuze kidogo kidogo, mwingine alale chini atazame. Tairodi, bushi za springi, boliti za boksi la usukani. Hapo macho yashinda masikio. Mlio mwembamba wa kupiga kelele usukani ukifika mwisho ni mkanda uliolegea. Wa kuguguma, mara nyingi oili ya usukani imepungua.

Na mkwaruzo. Kabla ya kufungua chochote, mzee alisema, osha gari. Ule udongo mweusi wa Katavi ukikauka ndani ya rimu huwa tofali, nao hukwaruza tairi na springi kila kona. Kijiwe kidogo kikiingia kati ya diski ya breki na bati lake hulia kama mbuzi anayechinjwa, na kimewafanya watu wengi wanunue beringi bure. Hutoka kwa bisibisi. Mwezi wa Mei na Juni majani ya huko yanapokauka, hujizungusha kwenye propela na kujaa karibu na ekzosi. Huo mlio wa kuchakacha usipuuzwe hatta kidogo, kwani majani hayo hushika moto. Magari yameungua kwa namna hiyo katika mbuga nyingi za bara.

Malipo ya mzee na vyuma vyote havikufika hatta sehemu ya kumi ya bei ya difu. Nikatoa mimi nusu, kijana nusu. Watoto wakapelekwa bwenini siku ile ile iliyopangwa, nami nikapanda pamoja nao hadi nusu ya njia, dirisha wazi, nikisikiliza. Habu huru, miguu miwili, kona ya kushoto: upepo tu na watoto wakiimba.

Juzi mpwa wangu alinipigia simu. Akasema, “Mjomba, kuna mlio mpya, kona ya kulia.” Nikamwuliza: “Umeliosha?” Akacheka, akasema bado.